Mwenza wa Maalim Zahran

Mwaka wa sitini, miezi michache kabla ya uchaguzi ambao wanawake wa visiwa vyetu walipiga kura kwa mara ya kwanza, tawi letu la chama lilikaribia kugawika mapande mawili. Sehemu kubwa ya lawama ilikuwa yangu.

Nilikuwa fundi cherehani hapa Wambaa, mwenye umri wa miaka thelathini na minne. Kusoma nilijifunza ukubwani, katika skuli ya usiku aliyoifungua Maalim Zahran ukumbini kwake, kwa karabai moja na ubao uliotokana na mlango mkongwe. Tulianza kumi na saba, wavuvi na wachumaji karafuu. Tukamaliza watano. Kwa miaka mitatu sikukosa ila siku aliyokufa mama yangu.

Nilikuwa na ila moja katika kusoma: nikikimbia. Nikishaanza mstari, nilikwenda nao kama cherehani iliyokosa breki, nukta naipita, mkato naupita, mpaka pumzi inaniishia. Maalim hakupata kunikemea. Aligonga meza kwa kidole kimoja kila penye nukta, nami nikajifunza kusimama. Hata leo nikisoma gazeti peke yangu, kidole kile nakisikia.

Maalim alikuwa mtu wa ukoo wa Kiomani. Mashamba ya babu yake yalikwisha kugawika kwa warithi, yeye akabakiwa na mikarafuu isiyofika hamsini na nyumba ile. Watu wa mashamba ya juu walimpendekeza awe mgombea wa chama katika jimbo letu. Watu wa pwani walinipendekeza mimi, na mimi nilikwisha kujipendekeza mwenyewe moyoni kabla yao. Hakuna mtu wa Wambaa aliyewahi kukaa katika Baraza la Kutunga Sheria. Nilikuwa nikishona huku nikijiona nimo ndani ya ukumbi ule, nimevaa kanzu niliyoishona mwenyewe.

Mwenyekiti wa tawi alikuwa Mzee Kificho, mkulima wa mpunga, mtu wa sauti ndogo. Aliona tunakokwenda, akaweka utaratibu. Kila anayetaka ugombea ataje mwenza wake mbele ya mkutano, na mwenza huyo atoke upande wa pili. Mgombea akiwa wa juu, mwenza awe wa pwani. Mwenza atafuatana naye nyumba kwa nyumba, atasema badala yake akiumwa, na upande utakaoshindwa utabaki na mtu wake mezani. Mimi nilikwisha kukubaliana na Soud, mwenye gari ya shamba kule juu. Maalim hakuwa amemtaja mtu, na kila alipoulizwa alisema bado anafikiri.

Hapo ndipo maneno ya vibarazani yalipoharibika. Huko juu mtu mmoja alisema, "Fundi atasoma nini huko Barazani, namba za futi?" Neno likashuka mpaka pwani kabla ya magharibi, nami likanichoma. Katika mkutano uliofuata nilisimama nikataka kila mgombea, baada ya kumtaja mwenza wake, asome hadharani karatasi ambayo hajapata kuiona. Nikasema mwenye wasiwasi na kisomo cha fundi aje asikilize. Watu wa pwani wakanipigia makofi. Ikaandikwa katika kumbukumbu za tawi. Maalim alikuwa amekaa mbele kabisa, akaitikia kwa kichwa.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe, Mzee Kificho alitualika chakula ili tukutane kwa wema. Masinia yaliwekwa sita, na yeye mwenyewe akapanga nani akae wapi. Mimi na Maalim akatuweka sinia moja, bega kwa bega, pamoja na Soud na binamu yangu Jaribu. Ulikuwa wali wa nazi na changu wa kukaanga.

Nilikuwa nimekula na Maalim mara nyingi zamani. Alikuwa mlaji wa haraka, mwenye kumegea wengine. Siku ile alikula wali mtupu, ule ulio mbele yake tu. Mara moja mkono wake ulikwenda katikati, ukagusa samaki, ukampapasa kwa ncha za vidole kutoka kichwani hadi mkiani, kisha ukarudi bila kitu. Nikamtazama usoni. Macho yake yalikuwa yameelekea kwenye sinia lakini hayakutua popote. Mimi kazi yangu ni uzi na tundu la sindano, namjua mtu asiyeona. Na katika jicho la kushoto, kwa kuwa nilikuwa karibu, nikauona mtoto wa jicho, mweupe kama utando wa tui.

Jaribu alikuwa akimcheka Soud kuhusu gari yake inayosukumwa zaidi kuliko inavyokwenda. Nikamvuta yule samaki upande wangu, nikamchambua miba, minofu nikaisogeza mbele ya Maalim, pale mkono wake ulipo. Vidole vyake vikaigusa, vikasimama.

Akala tonge mbili. Kisha akasema kwa sauti ya kunifikia mimi peke yangu, "Umekwisha jua."

"Nimejua, Maalim."

"Basi kula. Wali unapoa."

Niliporudi nyumbani, Mwatum, mke wangu, alikuwa uani akipepeta mchele. Nikamweleza. Nikamwambia pia lile nililokuwa naona haya kulisema: kwamba nimeshashinda, wala sina haja ya kufanya lolote. Nikae kimya tu. Siku ya mkutano Maalim atapewa karatasi, atasimama nayo mkononi, na mambo yatakwisha.

Mwatum aliendelea na ungo wake. Baadaye akanikumbusha barua ya kwanza niliyomwandikia wakati wa uchumba. Yeye hakuwa amejua kusoma, akaipeleka kwa Bi Tamima, mke wa Maalim, amsomee.

"Nilimwambia aisome mara mbili," akasema. "Akanambia mumewe ndiye aliyekutolea makosa kabla hujaituma."

"Hilo nalijua. Yalikuwa kumi na moja."

"Kumi na mawili. Moja aliliacha. Alisema likitolewa, barua haitakuwa yako tena."

Akaumwaga mchele kwenye kapu, akasema kwamba safari hii na yeye ana kura yake, na kwamba hatonambia atampa mtu gani, ila asije akasikia kuwa mumewe alipanda kwa kumkanyaga mtu aliyemfundisha kuandika jina lake.

Siku ya pili nilikwenda kwa Mzee Kificho kumwomba tuiache ile habari ya kusoma. Akanitazama kwa mshangao. Akanieleza kwa upole kwamba wa juu watasema nimekimbia, wa pwani watasema nimenunuliwa, na tawi litavunjika siku hiyo hiyo. Akaniuliza sababu. Sababu haikuwa yangu kuitoa. Nikamuaga.

Mkutano ulifanyika Ijumaa baada ya sala, uani kwa Mzee Kificho. Watu walijaa, na wanawake walikaa ukumbini, mlango uko wazi. Karatasi ilikuwa juu ya meza ndani ya bahasha, tangazo la serikali lililofika na posta siku ile. Kwa umri, Maalim aliitwa kwanza. Alitembea mpaka mezani akihesabu hatua, na nadhani mimi peke yangu niliona. Akaweka mkono juu ya mgongo wa kiti.

Mzee Kificho akamwomba amtaje mwenza wake.

Maalim hakutaja mtu. Nilifahamu kwa nini. Mwenza wake lazima awe mtu wa pwani, na mtu huyo lazima ama aambiwe siri ya macho yale au adanganywe. Maalim hakutaka kufanya hata moja. Watu wakaanza kunong'ona. Mtu akasema labda hana hata rafiki mmoja huku chini.

Nikasimama. Nilikuwa naiona ile kanzu, na ule ukumbi, na nafasi ambayo mtu wa kwetu hajapata kuikalia.

"Mwenza wa Maalim ni mimi," nikasema.

Jaribu alinivuta shuka, akaniita kwa jina. "Mjaka, yakhe, kaa chini. Wewe ndiye mgombea."

"Nilikuwa."

"Umelishwa nini kwenye lile sinia?"

"Changu," nikamjibu. "Na wewe ulikuwepo."

Watu wakacheka, lakini si cheko la furaha. Jaribu akainuka, akatoka, na wengine watatu wakamfuata. Soud alikuwa amekunja mikono, ananitazama kama mtu aliyevunjiwa mkataba, na kweli nilikuwa nimemvunjia. Nikaenda nikasimama karibu na Maalim.

Maalim akainua mkono, watu wakanyamaza. Akaanza kwa kusema kwamba hakuniomba. Kisha akasema, "Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kushoto limekwisha kwenda. La kulia linaona mwangaza na kivuli cha mtu. Nilikuja leo nikitumai karatasi itakuwa lile tangazo la mwezi uliopita, ambalo mke wangu amenisomea mpaka nimelihifadhi. Hilo lilikuwa kosa, na nakuombeni radhi. Mkimtaka mtu mwenye macho, huyu hapa, na mimi n'takuwa mwenza wake. Mkitaka iwe kama alivyosema yeye, pia sawa. Lakini msitutenganishe."

Niliona mzee mmoja wa mashamba ya juu akijifuta uso kwa kilemba. Mzee Kificho alifungua bahasha, akanipa mimi karatasi, akasema, "Basi asome mmoja kwa niaba ya wote wawili."

Nikaanza. Woga ukanirudisha kwenye ila yangu ya zamani. Mstari wa kwanza niliukimbia, wa pili nikaukimbia, maneno ya wapiga kura na tarehe na vituo yakapandana. Nikasikia kidole kimegonga meza. Mara moja. Nikasimama, nikavuta pumzi. Nikaendelea, na penye nukta kikagonga tena. Maalim alikuwa haioni karatasi, lakini alijua kwa kusikia wapi sentensi inakwisha. Tukaenda hivyo mpaka chini, mimi kwa macho, yeye kwa kidole. Ndani ukumbini nilisikia wanawake wakicheka taratibu, na safari hii lilikuwa cheko zuri. Huku uani, watatu kati ya wanaume waliokaa kwenye mkeka wa mbele walikuwa wanafunzi wa skuli ya usiku, nao walikuwa wakiitikia kwa kichwa kila penye nukta.

Mzee Kificho akauliza mkutano unaamua nini. Mtu wa juu akasema fundi awe mgombea, amesoma vizuri. Mvuvi mmoja wa pwani, Pandu, akasema hapana, fundi amekwisha kutoa kauli yake na mwanamume harudi nyuma, Maalim awe mbele. Wakabishana kwa adabu, kila upande ukimtetea mtu wa upande mwengine, mpaka Mzee Kificho akaanza kucheka peke yake. Mwisho Maalim akawa mgombea na mimi mwenza. Siwezi kusema kwamba haikuniuma. Iliniuma miezi mingi.

Uchaguzi ulipofika tulishindwa kwa kura thelathini na moja. Tawi halikuvunjika. Soud alitupa gari yake, tukaisukuma sana. Jaribu alinisusa mwezi mzima, kisha siku moja akaja kibarazani na suruali iliyochanika, akaitupa juu ya cherehani bila salamu, akakaa kusubiri.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni ile Ijumaa, tulipotoka uani. Maalim aliweka mkono wake begani kwangu, waziwazi, mbele ya watu, na tukaenda hivyo mpaka kwake. Njiani alinambia kwamba mstari wa nne niliukimbia na yeye akauachia kwa kunihurumia. Nikamwambia n'tausoma tena.

Bi Tamima alikuwa mlangoni. Alitangulia kuuona mkono ule begani, kisha akatutazama nyuso. Akafahamu kwamba hakuna tena cha kuficha. Aliingia ndani, akarudi na gazeti na kitabu chenye alama ya ukindu katikati, akaviweka mikononi mwangu.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Tumefika hapo penye alama. Leo na mimi n'tapumzika."