Waifai ya Saa ya Futari

Mkahawa wa Hajati Inshirah pale Tanta ulikuwa na meza arobaini na mbili na nguzo sita zilizovikwa vioo, na Wagih alikuwa ameshazipima zote. Siku tatu mfululizo alifika saa tano asubuhi, viti vikiwa bado vimepinduliwa juu ya meza. Alitembea kutoka nguzo hadi nguzo akiwa ameishika simu kifuani kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa hadi ukingoni. Kila baada ya hatua tano alisimama, akasoma nguvu ya mtandao, akaandika namba kwenye ramani aliyoichora mwenyewe kwa rula.

"Injinia," alimwita Mahrus, mkuu wa wahudumu, "unapima waifai au umeangusha pete?"

"Nikimaliza utajua."

"Ukimaliza tutakuwa tunakula Idi."

Wagih hakuwa injinia. Kazi aliisoma mwenyewe, kwa kufungua vifaa vilivyokufa na kuvifunga tena mpaka vingine vikaamka. Alikuwa amefunga waifai katika nyumba za watu, vyumba vitatu, vyumba vinne. Mkahawa huu ulikuwa wa kwanza. Hajati alitaka wahudumu waache kukimbia na vikaratasi, oda ziende jikoni kwa simu, na wageni nao wapate mtandao wao. Ikikubali, Wagih alikuwa na kazi mjini. Ikikataa, angerudi kuuza kava za simu dukani kwa shemeji yake, ambaye hakuacha kumkumbusha kwamba kiti chake bado kipo.

"Mkopti yuko wapi?" Sauti ilitoka jikoni. Alikuwa Fundi Shahat, mpishi. "Njoo unionjee chumvi ya supu."

"Supu gani, fundi?"

"Ya mbuzi."

"Mimi niko kwenye Kwaresima. Nyama mpaka Pasaka."

Fundi Shahat aliliweka chini pawa lake. "Mkahawa mzima umefunga, nimeletewa Mkristo mmoja, na huyo naye amefunga."

"Dengu naweza."

Basi kila alasiri Wagih alionja dengu, na supu ya mbuzi ikaachiwa Mungu.

Vifaa vya kurushia mtandao vilikuwa viwili. Wagih alitaka kuvifunga darini, lakini Hajati alikataa katakata. Marehemu mumewe alikuwa amewasimamia mafundi wa plasta miezi miwili ili dari ile ipate maua yake. "Dari haitobolewi," alisema, na Wagih hakubishana na mjane. Alivifunga ukutani, usawa wa bega, kimoja karibu na keshia na kingine upande wa pili nyuma ya chungu cha maua. Akapima tena. Namba zote zilikuwa nzuri.

Alhamisi ikawa futari ya kwanza ya mtambo mpya. Nusu saa kabla ya magharibi watu waliingia wote kwa pamoja, kwa kuwa hakuna anayekuja kufuturu kwa zamu. Wakaagiza wote kwa pamoja. Wale waliotangulia kuhudumiwa wakakaa mbele ya chakula wasichoweza kukigusa. Mtu mwenye njaa, njiwa wa kuokwa yuko mbele yake, adhana bado dakika kumi, afanye nini? Anampiga picha. Watu mia mbili waliwapiga picha njiwa wao, wakawatumia ndugu zao walioko Kuwait.

Simu za wahudumu zikakwama. Meza ya tisa iliagiza supu, na oda ikafika jikoni wenyewe wakiwa tayari kwenye kitindamlo, kunafa. Mahrus alimfuata Wagih huku anahema.

"Meza ya kumi na saba wameagiza njiwa sita. Simu ikasinzia, nikabonyeza tena, ikasinzia, nikabonyeza tena. Sasa wana njiwa kumi na wanane, na wenyewe ni watatu."

"Wamesema nini?"

"Mama yao anasema tumeijua njaa yake vizuri."

Hajati hakupandisha sauti. Aliwagawia wahudumu vikaratasi na kalamu, kisha akamwambia Wagih, "Nakupa mpaka Jumamosi, mwanangu. Ikiwa hivi tena, Jumapili njoo na bisibisi, ung'oe vitu vyako."

Asubuhi yake Wagih aliitandaza ramani juu ya meza, akairudia namba kwa namba. Hakukuwa na kosa hata moja, na hilo ndilo lililomsumbua. Akainua macho. Mbele yake viti vilikuwa juu ya meza, miguu hewani, kama alivyovizoea.

"Mahrus," alisema polepole, "mimi nimevipimia viti mtandao."

Mwili wa mtu ni maji, na maji hunywa mawimbi ya mtandao. Mkahawa aliouchora ulikuwa wa mchana wa Ramadhani, ambao haumlishi mtu yeyote. Ilimbidi apime saa ya futari, watu wakiwa wamejaa.

"Haiwezekani," alisema Mahrus. "Upite na simu mkononi kati ya meza za familia? Utaambiwa unawapiga picha binti za watu. Utavishwa sahani ya supu."

Akafikiri kidogo, akaenda nyuma, akarudi na aproni.

Jioni ile Wagih alipita kati ya meza na sinia la juisi ya aprikoti, simu yake imelala kati ya glasi. Kila baada ya hatua tano alisimama.

"Wewe mhudumu, umekwama?" aliuliza mzee mmoja mnene karibu na nguzo.

"Nahesabu watu, mzee."

"Mimi nihesabu wawili, kisha niachie glasi mbili."

Adhana ilipolia Wagih alikuwa na ramani mpya kichwani. Nyuma ya kila nguzo yenye kioo, familia ikishakaa, mtandao ulikufa kabisa. Tena wahudumu na wageni walikuwa wanagombea njia moja.

Jumamosi asubuhi alimwendea Hajati. "Mama, vifaa lazima viwe juu, vimwangalie mtu kutoka utosini. Lakini sitoboi. Kulabu za taa za Ramadhani ziko tayari darini. Nitaning'iniza vinne vidogo kati ya taa, waya nitaupitisha juu ya vitambaa vya mapambo."

"Na Ramadhani ikiisha?"

"Taa na vitambaa vitashuka, vifaa vitabaki vinaonekana. Sikufichi."

Hajati alitazama juu. "Kulabu zile alizipigilia marehemu mwenyewe," alisema. "Haya, panda."

Wagih akapanda. Vifaa vinne, kila kimoja amekipunguza nguvu kisimmeze jirani yake, na wahudumu amewapa njia yao peke yao, ambayo mgeni haioni.

Jioni watu waliingia kwa pamoja, wakaagiza kwa pamoja, wakawapiga picha njiwa wao. Kule jikoni mashine ya oda ilianza kutoa karatasi, na haikupumzika. Fundi Shahat akatoa kichwa mlangoni, uso umelowa jasho.

"Mwambieni Mkopti apunguze huo mtandao. Mikono ninayo miwili."

Hajati aliichukua simu yake, akampigia dada yake wa Mahalla, mwenye ukumbi wa harusi. "Nina injinia hapa," alimwambia. "Anakosea siku ya kwanza tu."

Jumatatu Wagih alisimama katikati ya ukumbi wa Mahalla, mkubwa kama gereji ya mabasi na mtupu kabisa. Yule dada alimwonyesha kuta, akamwonyesha soketi za umeme, akangoja aitoe rula yake. Wagih hakuitoa.

"Harusi inayokuja ni lini, mama?"

"Baada ya Idi, Alhamisi. Kwani umealikwa?"

"Bado. Nialike."

Mama yule alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Suti unayo?"