Mashuka Arobaini ya Alhamisi

Miaka sita Nyambura alifua na kukausha mashuka ya wazee katika chumba cha chini cha makao yao pale Harrow, ughaibuni, chumba chenye joto la tanuri, na hakuna meneja aliyewahi kumuuliza anaonaje. Ndipo akaja Rupinder. Huyu aliita kikao cha wote, wapishi kwa wafagiaji, akataka kujua umeme unapotea wapi. Nyambura akasema zile mashine zake za kukaushia zinaubugia kama wageni wa harusi, na huko nyuma ya jengo upepo ni wa bure. Watu wakaangua kicheko. Rupinder akaandika.

Nyambura akapewa Alhamisi moja ya majaribio: mashuka arobaini, kwenye kamba, bila mashine. Likilowa hata moja, mpango umekufa, naye arudi kwenye joto lake.

Alhamisi jua likatoka kama limehongwa. Kufikia saa nne kamba zilijaa, na yaliyobaki akayatandaza juu ya ua wa miti, kama walivyofanya kwao Kiambu. Albert, Mkongomani anayesukuma viti vya wazee, akamuuliza kama amefungua soko. Akaambiwa ashike ncha ya shuka au apishe njia. Akashika. Wazee nao wakadai wasogezwe nje, wapewe vibanio.

Saa nane wingu jeusi likachungulia juu ya reli ya treni ya Metropolitan. Hapo ikawa mbio. Wapishi na aproni zao, wauguzi, Albert na mashuka matano begani. Hata Rupinder akachomoka ofisini na viatu vyake virefu, akanyakua la mwisho kwenye ua, kisigino kikazama, akaenda chini nalo kwenye tope la mvua ya jana.

Thelathini na tisa makavu. Moja tope tupu. Nyambura akahesabu mara ya pili.

"Hili limelowa?" Rupinder akauliza, bado amekaa chini.

"Limelowa, meneja. Lakini si kwenye kamba. Limelowa mikononi mwa uongozi."

Albert akajifanya anakohoa. Rupinder akacheka mpaka akashika mbavu, akatangaza kwamba kamba zinabaki, na hilo shuka atalifua mwenyewe.

Zamu ya Nyambura ilikwisha saa tisa. Saa kumi kasoro robo bado alikuwa amemsimamia Rupinder kwenye beseni, mikono kiunoni.

"Si hivyo, meneja. Anzia pembeni."