Punda wa Darasa la Nne

"Tulia basi, nawe," mtunza punda alimwambia punda, ingawa asiyetulia alikuwa yeye. Hii ilikuwa mara ya tatu tangu asubuhi anampaka chokaa kwenye paji la uso, na mara zote punda alijifuta kwenye nguzo. Mtunza punda alirudi nyuma hatua mbili, akatazama. Kwa mbali ilifanana na nyota. Kwa karibu ilikuwa chokaa tu.

Zizi hili la punda waliotupwa lilijengwa na tajiri wa programu za simu. Mchoyo hakuwa. Alijenga na shule ng'ambo ya barabara, kisha akaviunganisha alivyojua mwenyewe: kila darasa likapewa punda wake, watoto wakawa wanamwandikia barua kwenye tableti, na punda anawajibu. Aliyejibu, bila shaka, alikuwa mtunza punda, kwa kidole kimoja, akitafuta herufi kama mtu anayechambua mchele. Kila asubuhi pia alibonyeza kitufe cha kijani kuonyesha kwamba mnyama ni mzima.

Punda wa darasa la nne, yule mwenye nyota ya kweli usoni, alikufa miezi mitano iliyopita. Mjukuu wa mtunza punda alisoma darasa hilohilo, na wiki tatu kabla walikuwa wamemzika mama wa mtoto, binti yake wa pekee. Kumpelekea msiba mwingine hakuweza. Akabonyeza kijani. Kesho yake akabonyeza tena.

Leo tajiri anakuja, na darasa la nne zima nyuma yake.

"Wewe nyamaza tu, mama," meneja wa zizi alikuwa amemwambia. "Punda ni punda. Nani atajua?"

Alifagia palipokwisha kufagiwa. Alijaza maji ndoo iliyojaa. Kila gari lililopita lilimshtua, na lao lilipofika kweli alikuwa amechoka kama aliyelima shamba zima.

Tajiri alikuwa kijana mpole, mwenye viatu vyeupe visivyofaa zizini. Watoto walimpita mbio. Mjukuu akatangulia, akamkumbatia punda shingoni, akaanza kumnong'oneza sikioni kama mtu aliyekuwa na mengi ya kusema. Mtunza punda aliona aibu, aibu ya kweli, mpaka masikio yakamwaka moto.

"Huyo siye," alisema. "Wenu alikufa."

Tajiri alitazama simu yake. "Lakini mfumo unaonyesha ni mzima."

"Ni kidole changu hicho, mwanangu."

Meneja alikohoa. Mtoto mmoja alianza kulia, wa pili akamfuata. Mjukuu hakulia.

"Alikufa lini, bibi?"

"Wiki tatu baada ya mama yako."

"Basi barua zangu alikuwa anasoma nani?"

"Mimi."

"Zote?"

"Zote, mjukuu wangu."

Msichana alimtazama bibi yake. "Nilimuuliza kama mama alikufa kwa sababu nilichelewa kwenda kumwita jirani. Ukanijibu kwamba nyasi za leo ni tamu."

Siku ile mtunza punda alikuwa amekaa na barua hiyo mapajani tangu asubuhi hadi saa ya kulisha. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwisho alituma yale ya nyasi, kwa kuwa punda angeweza kuyasema.

"Mheshimiwa, twende upande huu," meneja alisema. "Kuna punda wengine wazuri sana."

Tajiri hakwenda. Alikuwa ameirudisha simu mfukoni.

Mtunza punda alitafuta pa kukaa. Kiti hakikuwepo, akajishusha juu ya robota la nyasi kavu, mbele ya watu wote, magoti yakilalamika. Alivuta gauni lake upande mmoja ili pabaki nafasi ya mtoto.

"Niulize tena," alisema.

Msichana alisimama palepale, mkono bado shingoni mwa punda, akiitazama ile nafasi.