Wimbo Usio na Karatasi

Gauni lilikuwa la kukodi na lilimbana kwapani. Madeleine aliketi kwenye kiti cha mwimbaji, magoti pamoja, mikono mapajani, akitabasamu. Bendi kubwa za swingi, muziki wa dansi wa kizamani, zilifanya hivyo tangu zama za Vita Vikuu vya Pili, na Torbjörn, kiongozi wa bendi, hakutaka kitu kibadilike: wanaume kumi na watano wanapuliza na kupiga, mwanamke anakaa mbele yao kama chombo cha maua. Zamu yake ikifika anainuka, anaimba, anarudi kukaa.

Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana. Wastaafu wa Stockholm walicheza wawili wawili, viatu vya theluji wameviacha mlangoni. Safu ya kwanza alikaa binti yake, Inès, wa miaka minane, mdomo umejaa keki.

Kwenye kinara cha noti za muziki palikuwa na karatasi mpya. Jina la wimbo: Uvira. Muziki: Torbjörn Ekdahl. Maneno: Torbjörn Ekdahl.

Wimbo ule ulikuwa wa mama yake Madeleine, kutoka kwao Uvira, Kongo. Mama aliwabembelezea watoto wake sita, na yule wa sita alimwimbia akiwa tayari amekwisha kufa mgongoni, njiani kukimbilia Burundi. Madeleine naye aliuimba kila asubuhi katika nyumba ya wazee kule Rågsved, akimwogesha mama yake Torbjörn, bibi aliyewang'ata wauguzi wengine wote. Siku moja Torbjörn alisimama mlangoni mwa bafu, simu mkononi. Madeleine alidhani anapiga picha tabasamu la mama yake; kumbe alikuwa akirekodi wimbo, na baadaye akamwita aje kuimba na bendi.

Saa moja kabla ya dansi Madeleine alikuwa amemfuata Torbjörn nyuma ya jukwaa.

"Huu ni wimbo wa mama yangu," alimwambia kwa Kiswidi.

"Bila shaka! Ndiyo maana unauimba wewe."

"Lakini umeandika jina lako."

Torbjörn alikuwa akijifunga tai mbele ya kioo. "Rafiki yangu. Nani aliuandika?"

"Haukuandikwa. Uliimbwa."

"Basi. Mimi nimeandika kila noti ya kila tarumbeta. Mama yako ana karatasi yoyote?"

Karatasi. Miaka saba aliulizwa hivyo hivyo kwenye kila dirisha la ofisi nchi hii.

"Hana."

"Unaona? Josefin, yule mwimbaji wetu mwingine, naye ameshajifunza kuuimba. Lakini nakutaka wewe." Alisema kwa upole, akamgusa bega. Upole ule ndio uliomchoma.

Gratien, Mrundi wa mtaa wa Tensta aliyekuwa akipokea makoti ya wageni, alisikia yote. "Mama Inès, achana naye. Imba, tule keki yao, tujiendee nyumbani."

"Nitaimba, kaka. Wewe tega masikio tu."

Sasa Torbjörn aliinua kidole. Saksafoni zikaingia polepole. Madeleine akainuka, akaimba mstari wa kwanza kama ulivyo, ili Torbjörn afumbe macho. Akafumba. Ndipo akamtolea:

*Mwizi we, lala, mwizi we,*
*umeiba bafuni kwa mama yako,*
*tai shingoni, haya huna,*
*lala, usiamke, mwizi we.*

Kila neno alilitafuna kabla ya kulitoa, na kila neno lilikuwa tamu kama muwa. Kule mlangoni Gratien aliangusha koti la mtu, akajiziba mdomo. Madeleine akamgeukia Torbjörn mwili mzima, akarudia, kwa sauti ya juu zaidi, kidole kimemwelekea katikati ya paji la uso. Tangu majira ya baridi yaanze hakuwahi kusikia joto mwilini kama lile.

Wastaafu waliacha kucheza. Wakaanza kupiga makofi kwa mdundo.

Torbjörn akafumbua macho, yanameremeta. Akanyamazisha tarumbeta kwa mkono, akabakiza besi na ngoma, akaugeukia ukumbi. "Tumwitikie!" akasema. "Ni rahisi tu: mwi-zi-we!"

Ukumbi mzima ukaitikia. Mabibi wa lulu shingoni, mzee wa mkongojo, wapiga tarumbeta. Torbjörn aliimba kuwashinda wote, kiganja kifuani. Inès, ambaye nyumbani hujibu kila kitu kwa Kiswidi, alikuwa amesimama juu ya kiti akiimba kwa Kiswahili, akiamini anaimba wimbo wa bibi yake.

Madeleine alikwisha kunyamaza. Torbjörn akamsogelea, akamnong'oneza: "Maneno mapya! Mbona hukuniambia?"

"Maana yake ni mwizi," Madeleine alimwambia kwa Kiswidi, kila herufi mahali pake. "Mwizi ni wewe."

Torbjörn alimtazama kidogo. Kisha akacheka, akampiga begani.

"Mwizi wa moyo! Wimbo wa mapenzi, kumbe. Vizuri zaidi." Akachomoa penseli mfukoni, akaichukua ile karatasi kinarani, akamwonyesha nafasi tupu chini ya jina lake. "Niandikie hapa, kabla hujasahau."

Chini ukumbini walikuwa bado wanaimba, mwizi we, mwizi we, wakimpigia Torbjörn makofi.