Kitanzi cha Mpanda Nguzo

Mtaa mzima hakuna mwanamke anayejua uzazi wa mpango kunishinda mimi. Nimezaa watoto tisa, na saba kati yao hawakuwamo kwenye mpango.

Ndiyo maana mjukuu wangu, mke mwenzangu, alipotaka mtu wa kumsindikiza zahanati hakumchukua mama yake, alinichukua mimi. Anajifunza ufundi umeme. Ana miaka ishirini na mitatu, na nguzo anaipanda mbio, koleo na bisibisi zikimning'inia kiunoni. Mumewe ni mwoka mikate, mpole kama unga wake. Wamekubaliana mtoto asubiri mpaka mafunzo yaishe, bado miaka miwili. Mwenye mimba hapandishwi nguzo. Anakalishwa ofisini kujaza fomu, na nafasi yake anapewa mwingine. Vidonge alijaribu, akawa anavisahau.

Nesi akatuwekea kitanzi mezani: kidude chenye umbo la herufi T, kimezungushiwa waya wa shaba, na nyuzi mbili mkiani.

"Ndiyo hiki?" nikasema. "Kwa kazi kinayofanya, nilidhani kina ukubwa wa mlango."

"Bibi!" Mjukuu akanifinya paja. Akakigeuzageuza kidude kile kifundi, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mimi sijazaa bado. Hakitanifunga kizazi?"

"Hakifungi," nesi akasema. "Hata asiyezaa anawekewa. Wakati wa kuweka utaumwa kidogo, wengine wanaumwa sana, lakini ni dakika chache. Siku ukitaka mtoto, unakuja tunakitoa."

"Mama yangu alikaa kwenye ndoa miaka minne ndipo akanipata. Alihangaika. Kama nimerithi je, halafu nipoteze na hii miwili?"

Nesi akasema hilo hawezi kulitabiri kwa macho. Akamwambia akafikirie, arudi Ijumaa.

Njiani sikutania hata mara moja. Mjukuu akanishika kipaji cha uso kuona kama nina homa.

Nyumbani tulimkuta mkwe wangu, mama yake, kwenye cherehani, anapinda sketi za shule. Binti akakaa sakafuni, akamwegemea gotini.

"Mama, nimeamua. Naacha nguzo, nizae sasa hivi. Sitaki kuja kulia miaka minne kama wewe."

Mguu wa mkwe ukasimama juu ya pedali.

"Uache kazi? Acha wazimu, mwanangu. Kaweke. Siku ya kwanza tumbo litakukata, jikande na kitambaa cha moto. Miezi ya mwanzo damu itakuwa nyingi, usishtuke. Na siku ya kukitoa, unakohoa tu mara moja, kimevutwa. Mwezi wa tatu huo una mimba."

Binti akainua kichwa.

"Mama, hayo umeyajulia wapi?"

"Redioni."

"Redioni walikwambia ukohoe?" nikauliza mimi.

Akaanza kutunga uzi kwenye sindano. Uzi ulikuwa umeshatungwa.

"Mkwe wangu," nikasema, "miaka minne nilikuchemshia majani machungu kila asubuhi."

"Niliyanywa yote, mama. Mpaka tone la mwisho."

"Sikuulizi majani."

Mjukuu wangu alikuwa amejifunika uso kwa sketi ya watu, mabega yanamtikisika kwa kicheko. "Ijumaa narudi," akasema humo humo ndani ya sketi. "Bibi, Ijumaa twende."

Mkwe wangu akainama nyuma ya cherehani mpaka kikabaki kilemba tu. Sauti ikatokea huko chini:

"Ulikuwa unaniulizia mjukuu kila Jumatatu, mama. Na mimi nilikuwa sijamaliza kujifunza kushona."