Macho ya Krunija

Mimi Dobrila nina hasira za karibu, na hakuna kinachoniwasha kama picha ya mtu aliyefumba macho. Bibi Krunija alikuwa amefumba kwenye kila picha kwa miaka hamsini. Marehemu baba, aliyenirithisha studio ya picha, alimpiga picha siku ya harusi yake: kafumba. Ubatizo wa mwanawe: kafumba. Mwanga ukiwa mkali tu, wa flashi au wa jua, kope zake zinajifunga zenyewe.

Hakujali, mpaka mumewe Velizar alipokufa. Kwetu mjane huwekewa picha yake kwenye jiwe la kaburi, ubavuni mwa mumewe, angali hai. Ilikuwa Jumatano; Jumamosi ingekuwa kumbukumbu ya mwaka wa Velizar, na fundi wa mawe aliitaka picha jioni hiyo hiyo ili aichome kwenye kigae cha kubandika kwenye jiwe.

"Velizar pale anatazama," Krunija akaniambia, "halafu mimi niwe pembeni nimelala? Nimemtazama miaka hamsini, Dobrila. Sijamaliza."

"Utamtazama," nikasema. "Leo sitoki hapa bila macho yako."

Loo, kusema ni rahisi! Tulijaribu nje ya nyumba yake, kivulini. Anga lenyewe likamfumba. Ndani kulikuwa na dirisha moja tu, la kaskazini. Nikamkalisha hapo, nikapiga: uso mweusi kama sufuria ya kuni. Jua lote lilimwagika mbele ya dirisha hilo, ng'ambo ya ua, kwa wifi yake Stamena, dada wa Velizar. Nikaona kioo kikubwa ukutani kimefunikwa shuka jeusi, kama desturi yetu wakati wa msiba. Wenzake hufunua baada ya siku arobaini. Yeye aliapa mwaka. Nikanyoosha mkono nikifunue, kitupatie mwanga.

"Thubutu!" Fimbo yake ikanipata kwenye vidole. "Zimebaki siku tatu!"

"Basi nahitaji kitu cheupe, kipana, kisimamishwe juani kwa Stamena, kiturudishie mwanga humu bila ukali."

"Kwa nani? Kwa yule mwizi?"

Kisa chao kila mtu anakijua. Siku ya mazishi Krunija alikaukiwa koo kwa uchungu, hakutoa hata sauti. Stamena akaangua kilio cha kuimba, ambacho kwetu huanzishwa na mjane na wengine huitikia, akamwimbia marehemu kaburini mpaka watu wakapanga foleni kumpa pole yeye, mjane kasimama kama nguzo. Tangu siku hiyo hawajaamkiana, ingawa ua ulio kati yao unafika kiunoni tu.

Sikumwomba ruhusa. Nilitoka, nikaruka ua, nikamkuta Stamena anakaanga pilipili. Nikamweleza bila kuzunguka.

"Ameniomba yeye?"

"Hajakuomba. Naomba mimi. Unataka kaka yako alale na mke kipofu?"

Akaepua kikaango, akaingia ndani. Alirudi na kitambaa cha kitani kilichokunjwa pamoja na matawi ya mrehani. Nilikijua ni nini. Mama yangu pia alikuwa nacho.

"Stamena, hicho si cha kukufunika siku ya kufa kwako?"

"Ndicho cheupe kuliko vyote. Sijakitumia, na sina haraka nacho."

Akasimama katikati ya uwanja, akakinyanyua kwa mikono miwili juu ya kichwa. Nilipoingia tena kwa Krunija, chumba kilikuwa kimebadilika. Mwanga ulikuwa umeingia bila kumchoma mtu, laini, ukamkalia Krunija mashavuni na kwenye mikunjo ya midomo. Alikuwa anatazama dirishani, na macho yalikuwa wazi. Nilikuwa sijui kwamba ni ya kijani.

"Inua kushoto!" nikapiga kelele dirishani.

"Mikono inakufa ganzi!" akajibu Stamena.

"Siku ya kilio hukuchoka, wifi!" Krunija akafoka. "Ulininyang'anya kilio changu, na leo umekuja na kwenye picha!"

"Nani alikunyang'anya? Ulikuwa umenyamaza! Kaka yangu aende bila kuliliwa?"  Hata hivyo Stamena hakukishusha kitambaa.

Krunija aliendelea kumtazama. Macho yalimjaa maji, na bado hakufumba. Hapo ndipo nilipopiga picha.

Jioni, kabla ya kwenda kwa fundi, niliikuza picha nikashtuka. Ndani ya kila jicho kulikuwa na kidirisha cheupe, na ndani ya kidirisha mwanamke mdogo kama punje, kanyanyua mikono. Nikampelekea Krunija.

"Naweza kumfuta," nikasema. "Ni kazi ya dakika mbili."

Akaisogeza picha karibu na pua, akaangalia jicho moja, kisha la pili. 

"Mwache. Na ukimwambia, nitakuvunja mkono."

Sikumwambia. Jumamosi tukaenda makaburini na ngano yetu ya kuchemshwa, ya kumbukumbu, na mishumaa. Padri alipomaliza, watu wote walimgeukia Stamena, maana alikuwa keshavuta pumzi ya kuanza kilio. Kisha akainama kukifuta kigae chenye picha ya Krunija kwa leso yake. Akavaa miwani. Akasogeza uso mpaka ukakaribia kugusa jiwe, akayachungulia macho yale.

Aliposimama, alifunga mdomo. Akarudi nyuma hatua moja, akamshika Krunija kiwiko, akamsogeza mbele.

"Anza wewe, wifi," akasema. "Mimi nitakuitikia."