Udi Kwenye Nyumba ya Eda

Tangazo walilibandika kwenye ukuta wa duka la mkate, kwa herufi nyekundu: ni marufuku kubisha milango ya watu kuuza bidhaa, isipokuwa mchuuzi aliyeitwa na mwenye nyumba. Kosa la kwanza unaonywa. La pili bidhaa inachukuliwa, na mtaani huonekani tena na kapu. Mimi nilikwishaonywa.

Sasa nani humwita muuza udi? Unabisha hodi, unakaribishwa, unakaa mkekani, mnaulizana hali mpaka za paka, ndipo mwenye nyumba aseme, "Hebu nionyeshe ulicho nacho." Ndivyo mama yangu alivyouza udi Mji Mkongwe mzima, na hakuna aliyemwita. Aliyeandika tangazo lile sijui kwao wananukia nini.

Asubuhi ile nilikuwa natoka nyumba moja, kapu nimeshalifunga kwa kamba, nikamwona Gharib, askari wa mtaa, na tumbo lake na filimbi yake. Naye akaniona. Nikakata kona mbili na kubisha mlango wa kwanza niliouzoea, wa Tahiya, mteja wangu wa miaka, ambaye siku zote harufu yake nzuri hufika kabla yake mwenyewe.

"Hodi!"

"Karibu, pita."

Nikaingia na kufunga mlango. Tahiya alikuwa amekaa sakafuni, nguo nyeupe, hana wanja, hana hina. Na nyumba haikunukia kitu. Hapo nikajua kabla hajasema.

"Mume wangu Mcha katangulia, Salhiya," alisema. "Niko eda."

Nilikuwa Kiwengwa nikimuuguza shangazi, habari ya kifo cha mumewe haikunifikia. Nikampa pole. Mjane aliye eda hatoki, hajipambi, hajitii hata tone la manukato mpaka miezi yake minne na siku kumi iishe. Na mimi nimeingia kwake na kapu la udi, liwa na asumini, kama niliyekuja kumpamba bibi harusi.

"Hodi, Bi Tahiya!" Gharib alikuwa mlangoni. Hakuingia, nyumba ya eda haingiliwi na mwanamume wa nje. "Kaingia mwanamke na kapu hapa?"

"Yule muuza udi?" ilisema sauti nyingine barazani, sauti ya mtu aliyeokota alichokuwa akikitafuta.

"Huyo Usi, shemeji yangu," Tahiya alininong'oneza. "Anashinda hapo barazani, anatazama nani kaingia, nani katoka. Anataka watu waseme nshamsahau ndugu yake, apate sababu ya kunirudisha kwetu Tumbatu."

"Mlango wa uani?"

"Ulizibwa zamani. Pale sasa duka la mtu."

Basi nikakaa. Gharib naye akakaa, nje barazani. Nilimsikia akimwita muuza kahawa, na muuza kahawa hakuonywa na mtu. Adhuhuri ikaadhiniwa, watu wakenda wakarudi, na yeye yuleyule, pale pale. Asumini zilikuwa zinanyauka ndani ya kapu nami nazisikitikia, kwa sababu nilizitunga alfajiri kwa mikono yangu.

Tahiya alinipakulia wali na mchuzi wa pweza. Aliongea bila kupumua. Alisema wote wanaoingia wanampa pole na kutoka, hakuna anayekaa. Kisha akalitazama kapu.

"Nifungulie. Ninuse tu, sijitii."

Nilitamani kumfungulia, wallahi. Lakini chini ya mlango palikuwa na nafasi ya vidole viwili, na nje yake pana pua ya Usi.

"Sifungui, shoga yangu. Harufu haina adabu, itatoka yenyewe ikatusengenye."

Akacheka, kisha akalia, nami nikalia naye. Yeye kafungwa na eda, mimi nimefungwa na tangazo, na mlango wetu ni mmoja.

Alasiri Gharib alichoka. "Bi Tahiya, mie n'na kazi nyengine. Nambie neno moja tu. Umemwita, au hukumwita? Kama umemwita, nakwenda zangu."

Neno moja. Nililitaka neno lile kuliko chakula. Bila kapu kwangu ni kurudi Kiwengwa kulima mwani, maji kiunoni, kamba na chumvi zinachana mikono. Nilishaifanya kazi ile, najua uchungu wake. Lakini mjane aliye eda akisema kamwita muuza udi, basi kajimaliza. Laiti ningekuwa nauza sabuni!

Tahiya alisimama nyuma ya mlango, akanitazama mikono, bado ina makovu ya mwani.

"Nimemwita," alisema.

"Umesikia, Gharib?" Usi alirukia pale pale. "Kaburi la ndugu yangu bichi, mkewe anaita udi! Wewe shahidi yangu."

Hapo hasira zikanipanda. Nikajitwika kapu, nikafungua mlango, nikatoka.

"Kasema hivyo kwa kunihurumia," nilisema. "Hakuniita. Nimebisha mwenyewe, sikujua kama ana eda. Kapu hili limefungwa hivi hivi tangu nilipoingia, tazameni fundo. Na wewe Usi, una pua. Nusa."

Na kweli akanusa, mtu mzima yule! Alichopata ni pweza.

Gharib aliinamisha kichwa. "Bi Salhiya, ukisema hivyo mie nalichukua."

"Najua. Chukua."

Akalipokea kapu kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Nilikuwa nimeshashuka barazani, sioni njia kwa machozi, sauti ikatoka ndani.

"Gharib!"

"Naam, Bi Tahiya."

"Mchuuzi akiitwa na mwenye nyumba ana kosa?"

"Hana."

"Basi nikitoka eda nataka Salhiya aje na udi. Siku ile ile. Nshamwita, mbele yako na mbele ya shemeji yangu. Usije ukasahau."

Usi alifungua mdomo. Gharib akamtangulia.

"Nimesikia," alisema. "Kaitwa."

Kapu hakunirudishia, amri ni amri. Siku hizi niko kwenye mwani, na mikono imechanika kama nilivyojua. Jioni naipaka mafuta ya nazi, kisha nakaa jikoni na kijisufuria cha sukari, napika udi kidogo kidogo, na shangazi ananiuliza namuuzia nani mtu niliyefukuzwa mjini. Namwambia si wa kubisha hodi, huu umeitwa. Tahiya amekaa eda yake, nami nimekaa yangu majini, na zote zitakwisha siku moja.